Mgeni Anapokuja Akiwa Mgonjwa: Kampuni za Sola na Masoko ya Ugenini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wenzangu wa sekta ya nishati na wa mabenki, mabibi na mabwana.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mada ya leo inahusu kampuni za umeme wa jua ambazo mambo yamezikalia vibaya kwao, zikaamua kwenda kutafuta ukuaji katika masoko yanayoinukia ya nje. Nitatangulia kusema msimamo wangu, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja zake. Wahenga walituambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kampuni hizi, mara nyingi mgeni amekuja yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, akitumaini kwamba mwenyeji ndiye atakayemponya. Nimesoma mikataba ya kuuziana umeme kwa muda mrefu, mikubwa na midogo, na ninachokiona ni hiki: soko jipya limeziokoa zile tu zilizokwenda zikijua nani atazilipa, kwa sarafu gani, na lini. Jua lipo karibu kila mahali. Mlipaji wa uhakika ni adimu, na kampuni iliyobanwa na madeni ndiyo hukumbuka jambo hilo ikiwa imeshachelewa.

Kwanza tuangalie ugonjwa ulianzia wapi. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyomhakikishia mwenye paneli bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20, na mwenye gridi akalazimika kuununua. Uhispania na Italia zikaja na mipango yao. Fedha zikamiminika, viwanda vikaota kila upande. Mwaka 2008 Uhispania peke yake ilifunga paneli za zaidi ya megawati 2,500, zaidi ya theluthi ya paneli zote zilizofungwa duniani mwaka huo. Serikali yake ilipoiona bili, ikaweka kikomo cha megawati 500 kwa mwaka uliofuata, na soko likakauka ghafla. Ujerumani na Italia nazo zikaendelea kupunguza bei zilizowaahidi wenye paneli wapya, hadi kufikia 2013 Ulaya haikuwa tena tegemeo la mtu.

Wakati huohuo viwanda vya China vilikuwa vimepanuliwa kwa mikopo hadi paneli zikawazidi wanunuzi. Silikoni, ambayo ndiyo malighafi ya paneli nyingi, iliuzwa zaidi ya dola 400 kwa kilo mwaka 2008. Mwishoni mwa 2012 ilikuwa chini ya dola 20. Fikirieni hali ya kampuni iliyofunga mkataba wa miaka mingi wa kununua silikoni kwa bei ya zamani. Suntech ya China ilikubali kupoteza zaidi ya dola milioni 100 mwaka 2011 ili tu kujitoa katika mkataba mmoja wa aina hiyo.

Waliofuata mnawajua. Solyndra ya Marekani ilifilisika Septemba 2011, ikiwa na mkopo uliodhaminiwa na serikali wa dola milioni 535. Q-Cells ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa seli za sola duniani, iliomba ulinzi wa mahakama Aprili 2012. Suntech nayo, iliyokuwa ya kwanza kwa kuuza paneli duniani, ilishindwa kulipa hati fungani za dola milioni 541 Machi 2013. Hawa hawakuwa wababaishaji. Teknolojia waliijua kuliko wengi wetu humu ukumbini. Walichokosa ni mteja ambaye angenunua bila kushikwa mkono na ruzuku.

Hapo ndipo kila ripoti ya mwaka ilipoanza kuimba wimbo mmoja. Ukuaji utatoka India. Utatoka Chile, Afrika Kusini, Mashariki ya Kati. Kwenye ramani wimbo huo ulipendeza sana: nchi zenye jua kali, watu wengi, umeme haba, uchumi unaokua. Ndugu zangu, ramani ya mionzi ya jua haimwonyeshi mhasibu wa shirika la umeme anayeamua ni ankara ipi ilipwe mwezi huu.

Nitaanza na aliyefanya vizuri, maana wapo. First Solar ya Marekani ilipoona Ulaya inafungwa, Aprili 2012 ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Frankfurt an der Oder, kusimamisha mashine kadhaa Malaysia, na kupunguza wafanyakazi wapatao 2,000. Ilikuwa hatua chungu, na waliopoteza kazi hawakuwa na kosa lolote. Lakini angalieni mpangilio: ilipunguza mzigo kwanza, ndipo ikaenda nje. Mwaka 2013 ilikamilisha mtambo wa megawati 13 Dubai, mdogo kwa viwango vya leo, ambao mteja wake alikuwa serikali ya huko, mlipaji asiye na shaka. Ilijifunza hali ya jangwa kwa mtambo mdogo kabla ya kuingiza fedha nyingi.

Hata hivyo, kampuni hiyohiyo ilipofika Chile ilikutana na somo jingine, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kisa cha Chile kinafundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Jangwa la Atacama lina jua kali kuliko karibu mahali popengine duniani. Kuna migodi ya shaba inayokula umeme mchana na usiku. Serikali haikutoa ruzuku, ikasema soko liamue. Wajenzi wa mitambo wakaona pepo. Wengi walijenga bila mkataba wa muda mrefu, wakitegemea kuuza umeme kwa bei ya papo kwa papo, yaani bei ya soko ya saa hiyo. Kasoro yake iko wazi mtu akikaa na kuitafakari. Mitambo yote ya sola huzalisha saa zilezile. Ukijenga mmoja, mchana bei ni nzuri. Ikijengwa mingi katika eneo moja, mchana kila mmoja anamwaga umeme kwenye nyaya zilezile, na nyaya za kuupeleka kusini kwenye miji mikubwa hazikutosha. Katika miaka ya 2015 na 2016, kwa siku nyingi, bei ya umeme kaskazini mwa Chile ilifika sifuri. Sifuri kabisa. Mtambo unafanya kazi, paneli zinang'aa, mita inazunguka, na mapato hakuna. Mtambo wa Luz del Norte wa megawati 141, ulioanzishwa na First Solar, ulikuwa miongoni mwa iliyobanwa, na mwaka 2022 kampuni iliamua kuuza. Gridi mbili kuu za nchi ziliunganishwa Novemba 2017, na njia ya kilomita 753 ya Cardones hadi Polpaico ikakamilika 2019. Kwa waliokopa fedha za kujenga mwaka 2014, riba haikusubiri nyaya.

Vietnam ilikosea kwa upande wa pili, ikawa karimu kupita kiasi. Mwaka 2017 ilitangaza senti 9.35 za dola kwa kila uniti kwa mitambo itakayowashwa kabla ya tarehe 30 Juni 2019. Mpango wa taifa ulilenga megawati 850 ifikapo 2020. Siku ya mwisho ilipofika, takribani megawati 4,500 zilikuwa zimeshawashwa, nyingi zikiwa zimesongamana katika mikoa ya Ninh Thuan na Binh Thuan yenye jua zuri. Gridi ya huko ikazidiwa, na wenye mitambo wakaamriwa kupunguza uzalishaji. Mwekezaji aliyepiga hesabu ya kuuza kila uniti akajikuta nyingine zinatupwa. Ninachowaomba wenye kampuni ni jambo jepesi kufanya lakini wengi hawalifanyi: kabla ya kutazama bei iliyoandikwa kwenye mkataba, muulizeni msimamizi wa gridi kituo cha kupozea umeme kilicho karibu kinaweza kubeba kiasi gani, na ni nani wengine wameomba kuunganishwa hapo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni sarafu.

Paneli zinanunuliwa kwa dola. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye gridi au nyumbani, kwa dola. Mkopo mara nyingi ni wa dola au yuro. Anayewasha taa analipa kwa fedha ya nchi yake. Kati ya hapo na hapo kuna shimo ambalo limemeza kampuni nyingi. Chukueni mfano wa kampuni inayouza sola za nyumbani kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu. Tuseme vifaa vya mteja mmoja vimegharimu dola 300 zilizokopwa, na mteja anatakiwa kulipa fedha ya kwao yenye thamani ya dola 12 kila mwezi kwa miezi 36. Kwenye karatasi hizo ni dola 432, na biashara inaonekana nzuri. Baada ya mwaka mmoja sarafu inapoteza theluthi ya thamani yake. Mteja analipa vilevile, kwa uaminifu, bila kuruka mwezi. Lakini malipo yake sasa ni dola 8. Mwisho wa miezi 36 kampuni imepokea dola 336 badala ya 432. Humo itoe riba, mshahara wa fundi, kamisheni ya wakala, betri iliyoharibika, na wateja walioshindwa kulipa kwa sababu mavuno yamekuwa mabaya. Hakuna kinachobaki. Na ukumbuke kwamba kadiri kampuni hiyo inavyopata wateja wengi, ndivyo shimo linavyozidi kuwa refu. Ukuaji wenyewe ndio unaoiua.

Mobisol ya Berlin ilifanya kazi Tanzania, Rwanda na Kenya, na vifaa vyake vilikuwa vizuri. Familia zilizokuwa zikitumia taa ya mafuta zikapata umeme wa taa, redio na televisheni. Aprili 2019 iliomba ufilisi Ujerumani, na baadaye mwaka huo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Biashara ya namna hii inahitaji mtaji mwingi, kwa sababu kampuni inakuwa benki inayovaa koti la fundi umeme. Ikikosa mkopeshaji mvumilivu, ubora wa vifaa hauiokoi.

Misri ililiona tatizo hili na ikalishughulikia nusu. Katika awamu ya pili ya mpango wake wa sola, bei iliwekwa kwa dola, lakini sehemu ya malipo ikafungwa kwenye kiwango maalumu cha kubadilishia paundi. Novemba 2016 paundi iliachiwa huru na kupoteza karibu nusu ya thamani yake. Awamu ya kwanza ilikuwa imewapoteza wawekezaji wengi kwa sababu nyingine: serikali ilitaka migogoro isuluhishwe nyumbani, wakopeshaji wa kimataifa wakakataa. Serikali ilipolegeza sharti hilo, mitambo ya Benban karibu na Aswan, yenye jumla ya takribani megawati 1,465, ikasimama na kukamilika 2019. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani vifungu vya usuluhishi ni mapambo ya wanasheria. Benban ilikwama hadi kifungu kimoja kilipobadilishwa.

Naomba sasa nizungumze na wenyeji, yaani wizara, mamlaka za udhibiti na mashirika ya umeme yanayoitisha zabuni. Mfamaji haishi kutapatapa, na kampuni inayozama hutapatapa kwa bei. Itatoa bei ya chini kuliko wote kwa sababu inahitaji kuwaonyesha wanahisa kwamba bado inakua. Novemba 2015 SunEdison ya Marekani ilishinda zabuni ya megawati 500 katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kwa rupia 4.63 kwa uniti, bei ambayo wakati huo ilikuwa ya chini kuliko zote zilizowahi kutolewa nchini humo. Magazeti yakashangilia. Aprili 2016, miezi mitano baadaye, kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 16. Mali zake za India zikachukuliwa na Greenko, kampuni ya hukohuko, na hapo India ilikuwa na bahati, kwa kuwa ilikuwa na wenyeji wenye uwezo wa kubeba. Nchi isiyo na kampuni ya namna hiyo ingebaki na uwanja uliosafishwa na nguzo chache.

Kwa hiyo, ndugu wasimamizi wa zabuni, bei ya chini isiwapofushe. Rahisi hugharimu. Someni hesabu za mwombaji za miaka kadhaa iliyopita, mtazame madeni yanayoiva lini. Dai dhamana ya zabuni inayoumiza akitoroka. Na kuna jambo dogo ambalo husahauliwa: paneli huuzwa na dhamana ya utendaji ya miaka 25. Dhamana hiyo ina thamani gani iwapo aliyeitia saini hatakuwepo baada ya miaka mitano? Wapo wanunuzi wengi waliobaki na karatasi nzuri za dhamana kutoka kwa kampuni ambazo mlango wake umefungwa. Bima ya dhamana kutoka kwa mtu wa tatu inapatikana, gharama yake inajulikana, na ninashangaa jinsi inavyoombwa mara chache.

Ila haki itendeke pande zote. Wakati mwingine mgonjwa ni mwenyeji. Afrika Kusini ilianzisha mpango wake wa zabuni mwaka 2011, na ulisifiwa kila mahali kwa uwazi wake. Kisha shirika la umeme, Eskom, likakataa kutia saini mikataba ya walioshinda. Mikataba 27 ilikaa hadi Aprili 2018 ndipo ikasainiwa. Viwanda vilivyojengwa ili kutimiza sharti la kutumia bidhaa za ndani vilikaa bila oda. Kampuni iliyo imara ilivumilia. Iliyokuwa imekuja ikitegemea mapato ya haraka haikuweza. Nako Andhra Pradesh, mwaka 2019 serikali mpya ya jimbo ilitaka kupunguza bei za mikataba iliyokwisha kusainiwa, na kesi zikaendelea hadi mahakama kuu ya jimbo ilipoamua Machi 2022 kwamba bei za mikataba ziheshimiwe. Walioshinda kesi walikuwa wameishi karibu miaka mitatu kwa malipo pungufu. Kila nchi inayofanya hivyo inalipia baadaye, kwa sababu mwekezaji anayefuata anaongeza hatari hiyo kwenye bei yake, na bili inamfikia mwananchi.

Wenye kampuni nao wamchunguze mbia wao wa ugenini kama wanavyomchunguza mkopaji. Julai 2012 Suntech ilitangaza kwamba hati fungani za Ujerumani za yuro milioni 560, ilizopewa kama rehani katika mradi wa mitambo nchini Italia, huenda hazikuwahi kuwepo. Kampuni iliyokuwa na maelfu ya wafanyakazi ilikuwa imedhamini mkopo mkubwa kwa kutegemea karatasi ambayo haikuhakikiwa ipasavyo. Na Italia si soko changa.

Kuhusu hali ya sasa nitasema mambo mawili. Historia ya 2012 imejirudia kwa ukubwa zaidi. Viwanda vya China vinaweza kutengeneza paneli nyingi kuliko dunia nzima inavyoweza kufunga kwa mwaka, na mwaka 2024 bei ilishuka hadi kukaribia senti 10 za dola kwa wati. Mwaka huohuo LONGi, mtengenezaji mkubwa wa paneli wa China, ilipata hasara ya zaidi ya yuani bilioni 8, na wenzake JA Solar na Trina nazo zilipata hasara. Wote wanatafuta pa kwenda. Waliohamishia viwanda Malaysia, Thailand, Vietnam na Kambodia ili kukwepa ushuru wa Marekani walifuatwa hukohuko: Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru ambao kwa baadhi ya kampuni za Kambodia ulifika asilimia 3,521.

La pili ni Pakistani, ambayo inanipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Mwaka 2024 iliingiza takribani gigawati 17 za paneli. Hakukuwa na zabuni kubwa ya serikali, wala mkataba wa miaka 25, wala dhamana ya hazina. Wakulima, wenye nyumba, misikiti na viwanda vilichoshwa na bei ya umeme wa gridi, wakanunua paneli kwa fedha taslimu na kuzipandisha juu ya paa. Huyo ndiye mlipaji niliyekuwa nikimzungumzia tangu mwanzo. Analipa leo, na hakuna waziri anayeweza kuubadilisha mkataba wake. Lakini tazameni upande wa muuzaji: mwaka huohuo ambao Pakistani ilinunua kwa wingi usio na kifani, wauzaji walikuwa wakipata hasara. Kuuza nyingi kwa bei isiyorudisha gharama kunaongeza hasara tu, hata ukiuza katika nchi mia. Kwa kampuni, faida katika soko la namna hii iko kwa anayefunga, anayekarabati, anayeuza betri na anayekopesha, wala haiko tena kwenye kioo chenyewe. Na gridi ya Pakistani nayo inapoteza wateja wake wenye uwezo, gharama za mitambo ya zamani zikiwaangukia waliobaki. Wizara zote zilizoko hapa ziangalie jambo hilo kabla halijafika kwao.

Nina ombi moja kwa mabenki na mifuko ya pensheni, kwa sababu nawaona wamekaa mbele. Mna fedha za muda mrefu, tena katika sarafu ileile ambayo mteja wa umeme analipa. Kampuni ya kigeni inayokopa kwenu haibebi hatari ya dola, na mkisoma hesabu zake kwa makini mtajua mapema kuliko wizara kama ni mzima au la. Kinachokosekana kwenu ni watu wachache wanaojua kusoma taarifa za mionzi ya jua, mkataba wa kuunganishwa na gridi na ratiba ya matengenezo. Wafundisheni watu hao. Anzeni na mikopo midogo, ya mitambo ya viwandani ambako mnunuzi mnamjua na ana akaunti kwenu, na mdai taarifa ya uzalishaji ya kila mwezi kama sharti la mkopo.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Niko tayari kwa maswali, na ningependa wa mabenki waanze.